Suruali Alizojifulia

Dobi alizikuta suruali za mumewe zimeanikwa nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo jua halifiki. Zilikuwa zimekamuliwa ovyo, povu limeganda kwenye mishono, na mguu mmoja ulikuwa bado umegeuzwa ndani nje. Alisimama na beseni kiunoni akazitazama. Katika ndoa yao yote mwanamume yule hakuwahi kufua hata leso, na sababu ilikuwa wazi: mkewe ndiye aliyefua nguo za mtaa mzima. Jina la Dobi lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata mama mkwe wake alimwita hivyo alipokuwa na hasira naye.

Kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kusoma nguo. Kola ilimweleza mengi kuliko gazeti. Mfuko wa shati ulimwambia nani amerudia pombe, nani anahonga, nani ameachwa. Basi aliposhika suruali zile, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la mwanamke mwingine. Akazinusa. Sabuni ya kuogea, nyingi kupita kiasi. Chini ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine, hafifu, ile anayoijua kila aliyewahi kulea mtoto mchanga.

Wivu ukamtoka. Kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu hakujua akiite nini.

Jioni alimwekea mumewe maji ya kuoga, akamwacha ale ashibe, ndipo akauliza.

"Nani kafua zile suruali?"

"Mimi. Kwani dhambi?"

"Si dhambi. Ila mimi nina beseni, nina mikono, na ndiyo kazi yangu."

"Ziliingia grisi."

"Grisi unaitoa kwa sabuni ya kuogea?"

Mume akasukuma sahani. Alikuwa mtu wa maneno machache na mabega mapana, mwendesha winchi, ile mashine ndefu yenye mkono wa chuma inayosimama juu ya majengo yanayojengwa ikinyanyua nondo na zege. Siku nzima alikaa kwenye kibanda cha vioo juu kabisa, na wenzake walimwita Mzee wa Juu. Kutoka kule aliwaona watu kama sisimizi, na pengine ndiyo maana hakupenda mtu amtazame kwa karibu.

"Ni sukari," alisema. "Si unajua sukari inavyomkojoza mtu."

Ni sukari. Katika nyumba ile neno hilo lilifungua kila mlango na kufunga kila mdomo. Tangu alipogundulika na kisukari, kila kilichomsumbua kilibebeshwa gunia hilo moja. Miguu ikifa ganzi, sukari. Macho yakifanya ukungu, sukari. Akimkaripia mkewe bila kosa, sukari. Binti yao, aliyeolewa mbali, alikuwa akitania kwenye simu kwamba hata funguo zikipotea baba atasema ni sukari. Dobi alicheka kama wengine. Alimpimia chakula, alimfichia soda, alimkumbusha vidonge. Aliamini adui ni mmoja na anamjua kwa sura.

Usiku ule hakuuliza tena.

* * *

Mama mkwe alilala kwenye chumba kilichopakana na choo. Alikuwa amekula chumvi nyingi, na akili yake ilikuja na kukatika kama umeme wa mgao. Siku nyingine alimjua kila mtu na kudai chai iongezwe majani. Siku nyingine alimuuliza Dobi ametumwa na nani.

Asubuhi moja Dobi alimpelekea chai akamkuta amekaa kitako kitandani, sikio ameliegemeza ukutani.

"Mwambie atoke," bibi akasema kwa sauti ya chini.

"Nani, Mama?"

"Mume wangu. Amesimama humo chooni tangu alfajiri. Haitoki."

"Baba alishafariki, Mama."

"Kwani mimi sijui? Nilimfumba macho kwa mkono huu." Akauonyesha. "Lakini amerudi. Nasikia ndala zake. Sikiliza na wewe, kama una masikio."

Dobi akasikiliza. Kweli kulikuwa na mtu. Ndala ziliburuzwa kidogo, zikatulia. Kikafuata kimya kirefu, kimya cha mtu anayengoja kitu. Matone yakaanguka majini, machache, yakakata. Kimya tena. Kisha pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo ambao haujatulika.

"Umemsikia?" bibi akauliza, na machoni mwake kulikuwa na furaha na hofu kwa pamoja.

Mlango wa choo ukafunguliwa. Aliyetoka alikuwa mwendesha winchi, begi la kazi begani, akifunga vifungo vya suruali huku anatembea. Aliwapita bila kuwatazama.

"Huyo ni mwanao, Mama," Dobi alisema.

Bibi alitikisa kichwa taratibu, kama anayemhurumia mjinga.

Habari zikavuka uzio kama kawaida ya habari. Jioni akaja shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi simu mwenye kitambi na utani mwingi. Alikaa sebuleni akisogeza kiti karibu.

"Shemeji, Baba hajatulia. Nasema tuwaite watu waje waiombee nyumba. Marehemu akirudi chooni ana jambo."

"Marehemu hana jambo," kaka yake alifoka kutoka chumbani. "Mama amezeeka. Mwacheni baba alale."

Fundi simu akamkonyeza Dobi. "Sukari hiyo imepanda."

Wakacheka. Lakini tangu siku ile Dobi hakuweza tena kutosikia. Akipiga pasi, alisikia. Akikoroga mboga, alisikia. Kumbe kile kimya kilikuwa kimeenea nyumba nzima siku nyingi, na yeye alikuwa akipita katikati yake na ndoo za nguo. Mumewe aliingia, akasimama, akangoja. Akatoka, akakaa, akarudi. Asubuhi kitanda chao kilikuwa na joto upande mmoja tu, upande wa mkewe.

* * *

Kwenye kliniki ya sukari walikaa foleni na wengine, vitabu vyao mikononi. Muuguzi alikuwa mkarimu ila mwenye sauti ya mwalimu wa michezo, na mlango wake haukufungika vizuri. Akakagua nyayo. Akauliza kuhusu macho. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza kwa sauti iliyofika hadi benchi la mwisho:

"Na haja ndogo, mzee? Inatoka vizuri?"

Benchi lote likanyamaza. Mlangoni alikuwa amekaa jirani yao, mwanamke mwenye duka.

"Safi," Mzee wa Juu akajibu.

Dobi alifungua mdomo. Kisigino cha mumewe kikamkanyaga kidole cha mguu, taratibu lakini kwa uzito wote, hadi alipoufunga.

Njiani kurudi Dobi alichechemea. Ni yeye mume aliyesema kwanza.

"Ulitaka niseme nini? Pale? Mbele ya yule mama wa duka?"

"Ulitakiwa kusema kweli."

"Nikiwa juu siwezi kushuka kila saa. Nyapara ananitazama. Nimepunguza maji, basi. Nitakuwa sawa."

"Na ile chupa tupu inayonuka mkojo kwenye begi lako?"

Alitembea mbele yake, na Dobi akaona jinsi anavyoushika mgongo, pale juu ya kiuno, kama mjamzito. Alipomuuliza, akasema kiti cha kule juu kimechakaa.

* * *

Majira ya baridi yalimletea mumewe mafua. Alinunua vidonge dukani, vile vya kukausha pua, akavinywa siku mbili mfululizo akaenda kazini. Siku ya pili, kabla ya saa sita, simu ya Dobi ikaita akiwa na mikono yenye povu.

"Mama, mimi nyapara. Mumeo yuko juu na hashuki."

"Amezimia?"

"Anaongea. Anasema tumwache. Winchi imesimama, zege linaganda, na mimi sielewi."

Dobi hakuuliza zaidi. Alichukua suruali kavu kutoka kwenye rundo la nguo zilizopigwa pasi, akachukua na shuka, akavitia kwenye mfuko, akapanda pikipiki na sabuni mikononi.

Pale kwenye jengo wanaume wenye kofia ngumu walikuwa wamesimama wakitazama angani. Juu kabisa kibanda cha vioo kiling'aa, na ndani yake hakikuonekana chochote. Nyapara akampa redio ya mkononi.

"Bonyeza hapa, sema, achia."

"Ni mimi," Dobi alisema.

Redio ilikwaruza. "Nani kakuita?"

"Shuka, mume wangu."

"Siwezi."

"Miguu?"

"Si miguu." Pumzi yake ilisikika nzito. "Kila mtu anasikia hii redio."

Ndipo Dobi akatambua. Sauti ya mumewe ilikuwa ikitoka viunoni mwa wanaume wote waliomzunguka, mbele yake na nyuma yake, neno moja likirudiwa na vinywa vya plastiki. Akamgeukia nyapara.

"Waambie wazime."

"Mama, hilo ni—"

"Waambie wazime, baba. Tafadhali."

Nyapara akapiga kelele. Redio zikazimwa moja baada ya nyingine. Mwanamume mmoja alibaki na mkono kwenye kitufe, tabasamu mdomoni. Dobi alimkazia macho mpaka tabasamu likamwishia, akazima.

"Wamezima. Sema."

Kikapita kimya ambacho sasa alikijua vizuri.

"Haitoki," alisema.

Neno lilelile. Dobi aliona kama amelisikia ukutani, si redioni.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoamka. Inadondoka yenyewe, inanilowesha, lakini nikitaka itoke haitoki. Tumbo limekuwa jiwe. Nikikunja mguu naona nyota." Kisha akasema haraka, kama mtoto: "Nimelowa. Siwezi kupita mbele ya watu hivi."

"Nimekuletea suruali kavu."

Kitu kama upepo kilisikika redioni, na haukuwa upepo.

Fundi wa majukwaa ya kujengea, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikuwa amesogea bila kuitwa. Aliuchukua mfuko, akauvaa mgongoni. "Nitampelekea mimi," alimwambia Dobi. "Macho yangu mabovu, dada. Sitaona kitu."

Alipanda. Baada ya muda mrefu miguu miwili ilionekana kwenye ngazi, kisha mingine miwili chini yake, wote wawili wamefungwa mikanda ya usalama. Mzee wa Juu alishuka kipago kimoja kimoja, akisimama kila baada ya hatua, akikumbatia chuma. Nyapara alifanya jambo moja jema siku ile. Aliwaamuru watu wote warudi kazini na wageuze migongo, na kwa muda ule wote hakukuwa na sauti kwenye jengo isipokuwa buti mbili zikitafuta pa kukanyaga.

Alipofika chini, suruali kavu ilikuwa imeshaanza kulowa.

* * *

Hospitalini wakamwekea mpira wa kutoa mkojo. Dobi alisimama nje ya pazia akasikia mumewe akipiga ukelele mmoja, kisha akasikia maji yakikimbia ndani ya mfuko, mengi, yasiyokwisha, na mwanamume yule mzima akalia kwa nafuu. Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yao. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vya kutosha na subira ya mtu aliyezoea kudanganywa na wagonjwa.

"Nina sukari, daktari," Mzee wa Juu alianza. "Ndiyo inayonisumbua."

"Sukari unayo, na imepanda. Lakini sukari inamkojoza mtu, haimzibi. Wewe umezibwa, mzee. Haya ni mambo mawili, na moja limejificha nyuma ya mwenzake. Ulikuwa unaonyesha dalili, kila mtu akasema ni sukari. Umekunywa dawa gani hizi siku mbili?"

"Za mafua tu."

"Hizo ndizo zilizofunga kabisa mlango uliokuwa umebaki wazi kidogo. Nahisi tezi dume imekua. Na kibofu chako kimechoka, kwa sababu sukari nayo inaua mishipa ya fahamu ya kibofu. Lazima nipime damu, na lazima nipime kwa kidole."

"Kidole wapi?"

Daktari akamweleza. Mzee wa Juu akageukia ukuta.

"Hapana."

"Ni dakika moja."

"Nimesema hapana. Wewe ni mwanangu kabisa. Niue kwanza."

Daktari akamtazama Dobi, akatoka kidogo. Dobi alikaa pembeni ya kitanda. Chini yake ule mfuko ulikuwa unajaa polepole. Alitafuta maneno, akakosa yaliyo mazuri, akasema aliyokuwa nayo.

"Mimi nilizaa mbele ya wanaume watatu ambao sijui majina yao. Mmoja alikuwa anakula karanga."

Mumewe hakugeuka, lakini mabega yake yakatikisika. Alikuwa akicheka, au kitu kilicho karibu na kucheka.

"Mwite," akasema.

Daktari alipomaliza hakuwa na uso ule wa mwanzo. Alivua glavu taratibu. "Kuna sehemu ngumu siipendi. Tutachukua kinyama tukipime. Katika ukoo kuna aliyewahi kuugua tezi dume? Baba? Kaka?"

"Baba alikufa kwa sukari," Mzee wa Juu alisema.

"Una hakika?"

Dobi akajibu badala yake. "Nitauliza nyumbani."

* * *

Nyumbani Dobi alikuta umeme wa akili ya bibi umewaka. Bibi alikuwa amejifunika blanketi, akamwita "mwanangu" na kumuuliza kama mgonjwa amekula. Dobi akaketi chini, karibu na miguu yake.

"Mama, Baba alikufa kwa nini hasa?"

"Sukari. Si ndivyo walivyosema?"

"Wewe unasemaje?"

Bibi alisuguasugua vidole vyake vilivyopinda. "Sukari ilikuwepo. Na lile jingine lilikuwepo. Mimi niliolewa na yote mawili." Akaonyesha ukuta wa choo. "Alikuwa anasimama mle ndani anasaga meno. Baadaye mgongo. Hakuweza kukaa, hakuweza kulala. Akiguswa na shuka analia."

"Mbona hukusema, hata kwa wanao?"

"Alinikataza. Alisema, ukinitangaza kwa watu nitakuacha. Basi sikumtangaza. Na akaniacha vilevile."

Akamtazama Dobi sana, kisha mwanga ukamtoka machoni polepole.

"Wewe umetumwa na nani?" akauliza.

Siku zile mumewe alipokuwa wodini, figo zikiangaliwa na sukari ikishushwa, Dobi alifua peke yake uani. Mchana mmoja, jua likiwa utosini na bibi amelala fofofo, alisikia ndala zikiburuzwa ukumbini. Zikaenda hadi chooni. Mlango ukalia. Akaacha nguo kwenye beseni, akaingia ndani na maji yakimchuruzika viwikoni. Choo kilikuwa kitupu. Ndala za mumewe zilikuwa chini ya kitanda, kama alivyoziacha. Alisimama pale mlangoni akisikiliza, na kile kimya cha kungoja kilikuwa kamili, kimejaa chumba, kama vile wanaume wa nyumba ile walikuwa wamepokezana nafasi moja ya kusimama.

Hakumwambia mtu. Alirudi uani akafua kwa nguvu mpaka shati la mtu likachanika.

* * *

Majibu yalitoka. Daktari aliwaingiza ofisini, akafunga mlango, akahakikisha umefungika. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshatoka kwenye tezi na kushika mfupa wa nyonga. Kuikata kusingesaidia. Kulikuwa na sindano za kuidumaza, na watu walizitumia wakaishi miaka, wengine mingi. Lakini kulikuwa na jambo.

"Sindano hizi zinapandisha sukari," alisema. "Itabidi tuibane kuliko zamani. Dawa ya hili itaamsha lile."

Dobi alikumbuka sahani zote alizozipima, soda zote alizozificha. Alikuwa amelinda mlango mmoja kwa bidii ya miaka.

"Nitarudi winchi?" Mzee wa Juu aliuliza.

"Hapana, mzee."

Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ofisi imefungwa arudi kesho. Jioni nyapara alipiga simu kumpa pole, akasema amemweka mtu mwingine kwa muda, na akalirudia lile "kwa muda" mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alirudi nyumbani na mpira wake, mfuko umefungwa pajani chini ya suruali pana. Sasa hakwenda tena chooni kusimama. Alikaa kitini, na mkojo ulijiendea wenyewe bila kumuuliza. Nyumba ikatulia. Dobi alianza kupata usingizi, na akauonea haya.

Asubuhi moja, walipokuwa mezani, kilio kikapasuka chumbani kwa bibi. Hakikuwa kilio cha maumivu. Kilikuwa cha msiba, kile kirefu chenye kupanda na kushuka, na majirani wakatoka milangoni.

Dobi alimkimbilia. Bibi alikuwa ameketi sakafuni, amejifunga shuka kichwani.

"Mume wangu kafa," alisema. "Sisikii tena miguu yake. Jana sikuisikia, leo sikuisikia. Kaondoka bila kuniaga."

"Mama, hapana..."

"Usinidanganye! Mlinidanganya mara ya kwanza, mkasema sukari."

Mzee wa Juu alikuwa amefika mlangoni, ameshika fremu. Alisikiliza mama yake akimlilia kama maiti, na uso wake ukawa wa majivu. Dobi alitaka kumwondoa. Yeye akampita, akashuka sakafuni kwa shida, mkono mmoja ukiushika mfuko usivutike, akakaa mbele ya mama yake.

"Mama. Mimi hapa."

Bibi alimtazama. "Wewe nani?"

"Mwanao. Yule mkubwa."

"Mwanangu," akasema, akamshika mashavu, "baba yako amefariki. Usikae tu hapa. Kawaambie watu."

"Nitawaambia."

"Usiseme sukari."

"Sitasema sukari, Mama."

Alikaa naye pale hadi alipochoka kulia. Walipotoka, alimwambia Dobi ampigie mdogo wake simu.

* * *

Fundi simu alifika na mfuko wa machungwa na utani tayari mdomoni. "Kaka, nasikia siku hizi una bomba lako binafsi. Wenzako tunasubiri mgao."

"Kaa chini," kaka yake akasema.

Akakaa. Mzee wa Juu hakuzunguka. Alimwambia baba yao alikufa kwa ugonjwa gani. Alimwambia yeye mwenyewe anaumwa nini na ugonjwa umefika wapi. Alimwambia daktari amesema wana wa mtu aliyeugua, na ndugu wa mtu anayeugua, wasingoje dalili. Dobi alisimama jikoni na kitambaa cha sahani, akisikiliza.

"Mimi nipo fiti," fundi simu alisema. "Naamka usiku kidogo, lakini hiyo ni sukari. Si unajua na mimi nimeambiwa inanyemelea."

"Ndivyo nilivyosema mimi."

"Na hicho kipimo chao..." Alichezesha kidole hewani, akajaribu kucheka. "Kaka, mimi ni mwanamume."

Mzee wa Juu alisimama. Mtu aliyejificha nyuma ya tangi la maji, aliyemkanyaga mkewe kidole ili asisikike, aliyetaka kufia angani kuliko kuonekana amelowa, alikunja mguu wa suruali taratibu hadi juu ya goti, akaendelea, hadi paja, hadi mfuko wote ukawa wazi, umejaa nusu, una rangi ya chai na utepe mwembamba wa damu, na mpira ukipanda kwenda juu.

"Tazama," alisema.

Mdogo wake aligeuza uso dirishani.

"Nimekwambia tazama. Baba alikuficha. Mimi sikufichi."

Fundi simu alitazama. Alitazama kwa muda, mdomo ukiwa wazi kidogo, kisha akainuka bila kuaga na kuacha machungwa yake mezani. Mzee wa Juu alibaki amesimama na suruali imekunjwa. Dobi alikuja akamteremshia, akamlainishia mikunjo kwa kiganja.

"Hatakuja," mumewe alisema.

"Sijui," Dobi alijibu. Na kweli hakujua.

Siku ya sindano ya kwanza waliwahi foleni. Ukumbi ule ulikuwa umejaa wanaume, wengi wao na wake zao, wamekaa wameangalia sakafu kama abiria wa safari isiyo na matangazo. Wengine mfuko ulionekana chini ya suruali, wengine hapana. Hakuna aliyemuuliza mwenzake habari. Kila mlango ulipofunguliwa Dobi aligeuza shingo, kila mara akaona mtu mwingine. Baadaye akaacha kugeuza.

Jina lao lilikuwa halijaitwa bado pale mtu mwenye kitambi alipoingia, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Alisimama mlangoni kana kwamba amepotea njia. Aliwaona. Hakusalimu. Alikwenda kwenye dirisha la mapokezi, akainama sana, akamnong'oneza karani, na karani akamwambia kwa sauti arudie kwa sababu hakusikia. Akarudia. Akaivuta kofia chini zaidi. Akapewa namba, akatazama huku na huku akitafuta kiti kilicho mbali.

Hakikuwepo.

Mzee wa Juu hakumwita. Aliinua kidogo paja lenye mfuko, akalihamishia upande wa mkewe, akasogea. Mdogo wake alikaa pale penye nafasi, namba ameikunja ngumini, magoti yamebanana. Wakatazama ukuta wa mbele wote watatu.

"Inauma?" fundi simu akauliza, midomo haisogei.

"Inatia aibu," kaka yake akasema. "Kuuma, haiumi sana."